Paneli Kuukuu za Mulekera Hazina Pa Kwenda

Mjini Beni, jua limeleta taa mahali ambapo waya wa umeme haukuwahi kufika. Sasa vyombo vilivyoleta taa hizo vinachakaa. Mwandishi wetu amefuata njia ya paneli na betri zilizokwisha, kutoka meza ya fundi hadi mpaka wa Kasindi.

Saa sita mchana, jua likiwa utosini, fundi mmoja wa kata ya Butsili aliilaza paneli yangu juu ya meza yake ya mbao, akagusisha ncha mbili za kipimo kwenye nyaya. Namba ikapanda, ikatulia: 10.8.

Akaigeuza. Mgongoni mwa paneli kuna kijikasha cheusi mnamotokea nyaya. Akakifungua kwa bisibisi, akapuliza sisimizi waliojenga ndani, akanionyesha kijipande cheusi cha ukubwa wa punje ya maharage, chenye mstari mweupe kiunoni.

"Hiki ndicho kimekufa, Papa," akaniambia. "Pano yenyewe nzima."

Kijipande hicho huitwa dayodi. Paneli ndogo ya kuchajia betri ya volti 12 huwa na seli 36, mara nyingi katika makundi mawili, na kila kundi lina dayodi yake ya kulilinda linapopatwa na kivuli. Radi au joto likiunguza dayodi moja, kundi zima linatoka kazini. Paneli inabaki na volti kumi na kitu, ilhali betri haijai mpaka ipate zaidi ya volti 14. Mwenye nyumba anaona taa zimefifia, kisha zimezima. Anahesabu kwamba paneli imekufa.

Yangu ilikuwa imeegemezwa ukuta wa jikoni kwa miaka miwili, kuku wakilala nyuma yake. Muuzaji niliyempelekea mwanzoni aliitazama bila kuifungua, akaniambia ninunue nyingine. Nikanunua.

Fundi alichomoa dayodi kwenye paneli nyingine iliyopasuka kioo, akailehemu kwenye yangu. Haikuchukua dakika kumi. Kipimo kikasoma 21.4.

> Paneli iliyokaa miaka miwili nyuma ya jiko ilikuwa na ubovu wa ukubwa wa punje ya maharage.

Chini ya meza yake kulikuwa na rundo la paneli zilizofika mwisho kweli, na pembeni safu ya betri, nyingine zimefura matumbo. Paneli anajua la kuzifanyia: hii atatoa dayodi, ile nyaya, nyingine fremu ya alumini. Nilipouliza betri zinakwenda wapi, alionyesha barabara kwa kidevu.

Umeme unaobebeka

Ukitaka kuelewa kwa nini komini ya Mulekera, hapa Beni, ina paneli nyingi hivi, anza na mambo mawili: gridi na vita.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, takriban mtu mmoja tu kati ya watano ndiye anayepata umeme. Mabwawa makubwa ya Inga yako upande wa pili wa nchi, karibu na Bahari ya Atlantiki. Huku kwetu, Hifadhi ya Virunga ilianzisha mtambo mdogo wa maji Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, mwaka 2013. Mwaka 2017 kampuni ya Nuru ilijenga Beni mtambo wa jua wa kilowati 55, unaotajwa kuwa mtandao mdogo wa kwanza wa sola nchini, kabla ya kwenda Goma kujenga ule wa megawati 1.3. Lakini nyumba nyingi za Butsili, Ngongolio na Masiani hazikungoja mtandao wowote. Zilinunua paneli sokoni, zikafunga taa tatu na kichaji cha simu.

Kuhusu vita, mauaji ya raia katika eneo la Beni yalianza Oktoba 2014, na tangu hapo watu wamehama vijiji wakarudi, wakahama tena. Nimewaona wakiingia mjini kwa pikipiki: godoro, sufuria, mtoto, na paneli imefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Nguzo ya umeme haikimbii na mwenye nyumba. Paneli inakimbia naye.

Nayo hulipia safari hiyo. Kila shimo la barabara linatikisa seli ambazo unene wake haufiki nusu milimita. Nyufa nyembamba zisizoonekana kwa macho hutokea ndani, kisha sehemu iliyopasuka hupata joto kuliko nyingine, plastiki ikageuka rangi ya chai. Paneli iliyotengenezwa kudumu miaka 25 au 30 inachoka katika miaka michache.

Lebo inayodanganya

Si zote zinazochoka kwa safari. Nyingine zilitoka dukani zikiwa zimekwisha.

Kuna hesabu ambayo kila mnunuzi wa soko la Kilokwa angepaswa kuijua kama anavyojua uzito wa kilo ya mchele. Jua kali la mchana hutoa takriban wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Paneli nzuri za siku hizi hugeuza karibu sehemu moja ya tano ya mwanga huo kuwa umeme. Kwa hiyo paneli ya wati 100 haiwezi kuwa ndogo kuliko nusu mita ya mraba hivi. Ukiona paneli ya ukubwa huo imebandikwa lebo ya wati 300, jua lenyewe linaikanusha.

Fundi ana njia nyingine. Anaiweka paneli kwenye jua kali, anapima ampea. Paneli ya kweli ya wati 100 kwa mfumo wa volti 12 hutoa karibu ampea sita. Ikitoa mbili na nusu, umenunua paneli ya wati 40 kwa bei ya wati 100, na betri yako itakuwa na njaa kila siku. Betri ya risasi inayolala na njaa kila usiku haikai. Basi lebo ya uongo inaua vyombo viwili kwa mkupuo mmoja.

Nalitaja hili kwa urefu kwa sababu mjadala wa taka za sola huanzia mwishoni mwa safari, jalalani. Kwetu taka inaanzia dukani.

Kilo saba za paneli

Ivunje paneli ya wati 100, yenye uzito wa kilo saba hivi, utakuta nini? Zaidi ya theluthi mbili ni kioo. Kisha fremu ya alumini, plastiki, silikoni ya seli zenyewe, shaba ya nyaya. Fedha, ile ya vito, imo kwa kiasi kidogo sana, imechorwa juu ya seli kama nywele. Na katika lehemu inayounganisha seli, mara nyingi mna risasi kidogo.

Alumini inatoka kwa urahisi, shaba pia. Ndiyo maana mnunuzi wa vyuma chakavu huchukua fremu na nyaya, akaacha sahani ya kioo ikiwa uchi. Sahani hiyo ndiyo tabu. Kioo chake ni kigumu, kilichokazwa kwa moto. Ukikikata kwa kikatio cha vioo vya madirisha kinalipuka punje punje. Seli zimegandishwa kwenye kioo kwa plastiki ngumu isiyobanduka kwa kisu.

Viwanda vya Ulaya huibandua kwa tanuru au kwa mashine za kusaga na kuchuja. Umoja wa Ulaya uliziingiza paneli katika sheria yake ya taka za umeme mwaka 2012, na shirika la PV Cycle linakusanya paneli zilizokwisha kwa michango ya watengenezaji. Huku, jaribu linalomjia kijana mwenye kiberiti ni kuichoma. Asiichome. Karatasi nyeupe ya mgongoni katika paneli nyingi ina florini, na moshi wake huwa na gesi inayounguza mapafu.

Kwa hiyo sahani za kioo zinabaki. Nimeziona zikiwa meza ya kuuzia vocha, zikiwa paa la banda la kuku, zikizuia mvua kwenye dirisha. Hizo ni kazi za heshima, nami sizidharau. Paneli iliyopasuka, hata hivyo, isiwekwe mahali ambapo maji yanayoipitia yatakingwa kwa ajili ya kunywa.

Mwaka 2016, shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, lilikadiria kwamba paneli zilizokwisha duniani zinaweza kufikia jumla ya tani milioni 78 ifikapo 2050. Sehemu ya Beni ndani ya mlima huo ni ndogo mno. Lakini mlima huo utakuwa na viwanda vyake. Rundo dogo la Butsili halina hata mzani.

Hatari iko kwenye betri

Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kuondoa chini ya meza ya yule fundi, ningeziacha paneli nikaondoa betri.

Betri ya kawaida ya risasi na tindikali, ile ile ya gari, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Kwenye gari hukaa miaka kadhaa. Kwenye nyumba ya sola hunywewa hadi tone la mwisho kila usiku, kazi ambayo haikutengenezewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester waliochunguza matumizi ya sola nchini Malawi walikuta betri zikiharibika mara kwa mara ndani ya mwaka mmoja, kisha zikafunguliwa uani na mafundi wasio na kinga yoyote, risasi ikayeyushwa kwa moto wa mkaa. Walikadiria kwamba betri moja ikishughulikiwa hivyo inaweza kumwaga kilo 3.5 hadi 4.7 za risasi kwenye mazingira.

Kilo nne za risasi, kwa betri moja, uani ambamo watoto wanacheza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto mdogo inagusa ubongo unaojengwa, na madhara yake hayarudi nyuma.

> Mnunuzi hulipia risasi, halipii tindikali. Ndiyo maana tindikali humwagwa kwanza.

Afrika Mashariki haihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi mwilini, akaanza kupiga kelele. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye akapata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Rufaa zikafuata, mpaka Mahakama ya Juu ilipoirudisha hukumu hiyo Desemba 2024.

Kile kilikuwa kiwanda kinachojulikana, katika mji wenye mahakama na magazeti. Waliopona walikuwa na anwani ya kumshtaki mtu. Uani pa Mulekera hapana anwani hiyo.

Fundi, mfanyabiashara na kampuni

Ukizungumza na watu wa biashara hii utakuta kila mmoja ana sehemu ya haki.

Fundi anasema kwanza tengeneza. Ana haki kabisa. Paneli iliyorudishiwa dayodi au nyaya ni paneli ambayo haikuwa taka, na nyumba nyingine maskini imepata taa. Ila bei ya paneli mpya duniani imeshuka kwa takriban asilimia 90 tangu 2010, na kadiri inavyoshuka ndivyo mteja anavyoona kulipia matengenezo ni kupoteza. Fundi anakufa njaa kwa sababu bidhaa imekuwa rahisi.

Mfanyabiashara wa Butembo, mwenye safari zake za Guangzhou na Dubai, huleta kontena kupitia bandari ya Mombasa, likavuka Uganda hadi Kasindi. Mwambie alipe tozo ya kuchakata kila paneli anayoingiza. Atakujibu kwamba mpakani tayari analipa kwa wengi mno, na kwamba akipandisha bei, mteja atakwenda kwa mwenye paneli za magendo asiyelipa chochote. Sioni jinsi ya kumwambia anakosea. Tozo inayomfikia mwaminifu peke yake ni zawadi kwa mlaghai.

Kuna pia paneli zilizotumika kutoka Ulaya, ambako mashamba ya sola huzibadilisha kabla hazijafika mwisho ili kupata zenye nguvu zaidi. Wengine wanaziita jalala lililovuka bahari. Mimi siko tayari kuzilaani zote. Paneli iliyobaki na asilimia 80 ya nguvu zake, iliyopimwa na yenye karatasi ya kipimo, inaifaa zahanati kuliko paneli mpya yenye lebo ya uongo. Sheria ya Ulaya yenyewe inamtaka msafirishaji athibitishe kwamba chombo kinafanya kazi. Kontena linalokuja bila uthibitisho huo limebeba taka, liitwe jina lolote.

Kampuni zenye mtandao, zenye wahandisi na hesabu ya kila paneli, zina nafasi nzuri zaidi ya kukusanya zilizokwisha. Lakini hizo ni chache. Wingi wa paneli uko juu ya mabati ya watu, umenunuliwa kwa fedha taslimu, bila risiti.

Sasa zinaingia betri za lithiamu. Hazina risasi na zinadumu zaidi, na ningemshauri kila mwenye uwezo anunue hizo. Ila betri ya risasi angalau ina mnunuzi wa chuma chakavu. Ya lithiamu haina anayeitaka. Itakapokufa, itatupwa nzima.

Kasindi hapavukwi na taka

Kwa nini basi zisipelekwe zinakoweza kushughulikiwa? Kampala ilifungua kituo cha kukusanya taka za kielektroniki mwaka 2021. Rwanda ina kiwanda Bugesera. Nairobi ina vituo vyake, na sheria ya Kenya ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 imewafunga mzalishaji na mwagizaji wawajibike kwa bidhaa zao hadi zinapokuwa taka. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na malori yanayoleta bidhaa hurudi yakibeba kakao, kahawa na mbao.

Njia ya Bugesera, kwa vita vilivyopo, imefungika. Imebaki ya Kasindi. Hapo unakutana na Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, unaotaka nchi inayopokea taka hatari itoe kibali kabla hazijasafirishwa. Betri ya risasi iliyokwisha ni taka hatari. Na tangu 1 Januari 2025, taka zote za kielektroniki, hata zisizohesabiwa kuwa hatari, zinadai kibali hicho hicho. Kongo imo pia katika Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, uliozaliwa kuzuia Afrika isigeuzwe jalala la wengine.

Mikataba hii ni mizuri, na isingekuwapo tungezikwa. Lakini iliandikwa ikimwazia mwenye meli. Fundi wa Butsili mwenye betri thelathini hawezi kuomba kibali kutoka wizara mbili za nchi mbili. Anachoweza ni kumuuzia mtu asiyeuliza maswali. Kibali kinahitaji mwombaji mkubwa: mji, jimbo, au chama cha wafanyabiashara.

Ofisi ziko karibu

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, inayoweka misingi ya ulinzi wa mazingira nchini, inawapa Dola, majimbo na serikali za mitaa kazi ya kuhakikisha taka zinasimamiwa kwa namna inayolinda afya. Na kwa katiba yetu, serikali za mitaa hizo si mji tu. Komini nayo imo. Yaani Mulekera, kama Mulekera, ina kazi katika jambo hili.

Najua hoja inayofuata. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi wa hali ya kuzingirwa, watu wanauawa mashambani, na wewe unaleta habari ya betri? Naileta. Mama aliyekimbia kijiji chake ili watoto wake waishi hakuja mjini ili wale risasi kidogo kidogo kutoka kwenye vumbi la uani.

Na kuna jambo ambalo halikuwapo zamani. Tangu Goma, mji mkuu wa jimbo, iingie mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, uongozi wa jimbo umehamia Beni kwa muda. Waliokuwa mbali kilomita mia kadhaa, barabara imekatika, sasa wanapita Boulevard Nyamwisi kila asubuhi.

Ningeanza na betri, tena kwa mlango mmoja tu: kununua. Anayenunua betri mpya arudishe kuukuu, ikiwa nzima, tindikali ikiwa ndani, apunguziwe bei. Hailazimu kiwanda. Inadai chumba chenye sakafu ya saruji, paa lisilovuja, mapipa ya plastiki, na daftari. Risasi ina bei yake, kwa hiyo mzigo ukishakuwa mkubwa wa kuombewa kibali, unajilipia sehemu ya nauli yake. Mfanyabiashara wa Butembo anayejua kuleta kontena kutoka Guangzhou hatashindwa kupeleka moja Kampala, akipewa karatasi.

Paneli zinaweza kungoja. Zikiwekwa nzima, pakavu, zimesimama na si kulazwa, hazimdhuru mtu. Mafundi wapewe ruhusa ya kuzichambua kwanza, na wapewe vipimo, maana leo wengi wanatumia kipimo kimoja kwa zamu.

Niliirudisha paneli yangu nyumbani kwa pikipiki, nimeikumbatia kama mtoto ili isigonge. Jirani yangu mjane, ambaye watoto wake husomea taa ya simu, ndiye aliyeichukua. Tuliifunga Jumamosi. Nilimpa pia kidhibiti changu cha zamani cha kuchajia, lakini betri ilibidi inunuliwe mpya.

Betri yangu ya kwanza bado iko chini ya upenu, juu ya ubao, nimeifunika beseni ili mvua isiifikie. Jumatatu mnunuzi wa chuma chakavu alipita na mkokoteni wake. Alinitajia bei kabla sijafungua mlango. Nilimuuliza ataipeleka wapi. Akataja mtu, yule mtu atampa mwingine, na baada ya hapo hajui. Nikamwambia apite wiki ijayo.